Kadi ya Grace na Mapafu Yangu

Kila akinipigia simu mtu wa hali yangu anayeumwa huko Uarabuni, swali ni lilelile: Bi Asha, wewe ulitibiwaje? Nimechoka kusimulia mmoja mmoja. Tena kwenye simu napitiliza, naanza na mapafu naishia kwenye bei ya vitenge. Kwa hiyo leo nimekaa hapa Tanga, chai iko pembeni, nasema yote mara moja. Mwenye haraka anisamehe, mimi kwa kifupi siwezi.

Hali yangu ni hii. Nilizaliwa nikapewa jina Athumani. Nikaozeshwa mke nina miaka ishirini, tukapata binti mmoja, Mwanaidi, halafu mke akaomba talaka yake nikampa kwa amani. Mpaka leo tukikutana harusini tunakaa mkeka mmoja tunawasema watu. Baadaye ndiyo nikawa Asha, ingawa mwenyewe nilikuwa Asha tangu sijaota meno ya pili, ni vile sikuwa na ruhusa. Mwanaidi ananiita Baba. Watoto wake wananiita Bibi. Mgeni akija anabaki anageuza shingo, sisi wenyewe hatujawahi kupotezana.

Dubai nilikaa miaka tisa. Kafili wangu, yaani mwenye viza yangu, alikuwa Mwarabu ambaye mamake alikulia Unguja, na mimi ndiye niliyekuwa namtunza huyo mama na kumpikia. Bi Mkubwa alijua kila kitu. Alikuwa akisema, huyu Asha wangu mkono wake wa sambusa haudanganyi. Alipofariki, mwanawe akaniacha kwenye viza yake kwa heshima ya marehemu, nami nikawa nasuka nywele na kupaka hina nyumba za watu. Pasipoti ilisema mwanamume, mpishi. Mimi nikitembea na buibui na nikabu. Sheria ya kule sote tunaijua: ukikamatwa na nguo za kike na karatasi za kiume, ni jela, halafu ndege. Kwa hiyo miaka tisa sikuugua. Yaani niliugua, lakini hospitali sikukanyaga. Panadoli, tangawizi na dua.

Nilikuwa nimepanga kitanda mtaa wa Al Rigga, fleti ya wanawake watupu, vitanda vina mapazia kama maduka ya nguo. Kitanda cha kunielekea kilikuwa cha Grace, Mkenya wa Kakamega, msafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Garhoud. Wiki ya kwanza tu akanigundua. Aliona wembe wangu na vidonge vya uzazi wa mpango, maana nilikuwa nanunua vile vidonge duka la dawa, ndivyo vilivyonipa kifua kidogo na ngozi laini. Akaniuliza, mbona unanyoa kidevu, na vidonge vya kuzuia mimba unakula na bwana huna? Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi sawa, Shosho. Bora usikorome."

Shosho ni bibi kwa Wakenya wa bara. Akaniita hivyo miaka saba. Mamake alipofariki kwao akanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika, nilimsuka kutwa nzima, mistari midogo kabisa, si kwamba alikuwa anaenda popote, ni ili awe na kichwa cha kushikwa huku analia. Nasema haya mjue namzungumzia nani. Simsemi mpita njia.

Sasa mwaka elfu mbili na kumi, mwanzoni, wakati wa baridi ile ya kule ambayo Waswahili tunaivalia sweta, mafua ya nguruwe yalikuwa yanazunguka dunia. Barakoa tulikuwa tunaziita maski. Milangoni chupa za kusafishia mikono. Na sisi Waislamu wa fleti ile tulijipa moyo kuwa ugonjwa ule hautuhusu, hatuli nguruwe. Wallahi niliamini. Nikawa nazunguka kupaka hina nyumba za watu wanaokohoa, nawapa pole, narudi zangu.

Yakanishika Jumamosi. Homa, mifupa inauma kama imetwangwa, kikohozi cha kutoka miguuni. Siku ya tatu nikawa siwezi kusimama kuswali. Grace akaja kwenye pazia langu na kadi yake ya hospitali mkononi.

"Shosho, chukua. Uende kama mimi."

Nikamwambia hapana, nikishikwa tutashikwa wote. Akasema, na ukifa hapa? Watakuja kuchukua mwili, wataufungua, watatuuliza sisi tulikuwa tunalala na nani. Nikaona ana haki.

Niwaeleze kuhusu kadi, maana wa siku hizi hawajui. Fleti zetu zile kadi moja ilikuwa inatibu watu watatu. Mwenye kazi nzuri ndiye mwenye kadi nzuri, basi anaazima wenzake kama unavyoazima kinu. Mwanamke mmoja wa Arusha alizaa kwa kadi ya shemejiye. Hakuna aliyeona ni dhambi. Na kadi yangu mwenyewe ilikuwepo, ya Athumani, mwanamume, imelala chini ya godoro. Hiyo ningeingia nayo vipi na kifua changu na mistari yangu kichwani?

Nikaenda hospitali moja kule Oud Metha, jina sitalisema. Upande wa wanawake, viti vya buluu, kila mtu na maski yake. Nikafurahi mimi. Kwa mara ya kwanza Dubai nzima ilikuwa imejifunika uso kama mimi, hakuna aliyenishangaa. Binti wa dirishani akaniambia niteremshe kidogo, akatazama picha ya Grace, akanitazama, akaona Waafrika wawili, akagonga muhuri. Akasoma umri, akasema kwa Kiarabu, thelathini na nne? Mimi nilikuwa na hamsini na tano. Nikamwambia, binti yangu, maisha ya hotelini. Akacheka, akanipa namba.

Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kiti cha pembeni yangu mama wa Kipakistani alinimegea chungwa lake bila kuniuliza, nikala chini ya nikabu. Mnajua mtu akiwa na homa chungwa linavyokuwa tamu? Wakaniingiza kijiti puani mpaka nikaona nyota, wakanipa vidonge vya siku tano, wakasema nenda nyumbani, majibu tutapiga simu. Simu iliyoandikwa kwenye faili ni ya Grace. Hapo hatukufikiria. Tulifikiria mlango wa kuingilia, wa kutokea hatukuufikiria.

Vidonge vile nilikunywa vya siku tatu. Ya nne nikaanza vichomi, pumzi inaingia nusu inarudi. Nikapanda teksi ya wanawake, ile ya paa la waridi, dereva mama wa Kihabeshi akafungua madirisha yote akaniombea njia nzima kwa Mungu wake. Nikawaonyesha kadi ileile. Eksirei. Dada wa eksirei alinitaka nivue juu, nikavua, akaniona nilivyo. Akanirudishia gauni begani, akasema, vuta pumzi. Hakumwambia mtu. Nimonia, mapafu yote mawili. Wakanilaza chumba cha kutengwa cha wanawake, gesi ya kupumulia puani, sindano kila baada ya saa nane.

Na sindano hazikufanya kitu. Siku mbili, tatu, homa palepale. Wembe sina, vidonge vyangu sina, ndevu zikaanza kuchipua. Nikawa nalala na maski hata wakiniambia naweza kuivua. Najipapasa kidevu chini yake, nahesabu siku kwa ndevu. Mwanaidi akapiga simu kutoka Tanga, nikamwambia nina mafua. Akasema, Baba unahema kama mbuzi. Mumewe nikamsikia nyuma anauliza, akifia huko atazikwa na nani, wanaume au wanawake? Mwanaidi akamwambia toka nje. Nikasikia mlango.

Sasa huku mimi nahema, kule Garhoud yalikuwa yanatokea mengine. Hospitali walipiga ripoti kwa mwajiri kwamba mfanyakazi wenu Grace amelazwa na mafua ya nguruwe, hali yake si nzuri. Na wakati huo Grace amesimama mbele ya madam wa ofisi ya wafanyakazi, amevaa aproni, anasaini zamu. Nacheka nikikumbuka, nisamehewe. Madam anaambiwa Grace yuko kitandani na gesi, na Grace huyu hapa na ndoo.

Angeweza kusema aliniazima kadi. Angefukuzwa, najua. Akasema kadi iliibwa. Akasema aliyeiba ni mwanamume anayejifanya mwanamke, aliyejipenyeza kwenye fleti yao, na wao wasichana walikuwa hawajui, wamedanganywa miaka yote. Madam akapiga simu hospitali hapohapo.

Mimi nikaona tu manesi wanasita mlangoni. Halafu akaingia mmoja, Mfilipino, Sista Lina, yeye alikuwa ananisalimia kila asubuhi. Akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini, mama, jina lako ni Grace? Nikasema hapana. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

Basi ikawa vurugu. Chumba cha wanawake sikai. Wakanitoa na kitanda changu, wakanipeleka upande wa wanaume, mkubwa wa kule akachungulia akaniona na kichwa cha mistari na kifua, akasema kwake siingii. Nikabaki kwenye korido karibu na mikokoteni ya mashuka machafu. Mtungi wa gesi wa kusafiria ulikuwa mdogo, ukaisha. Wapo waliopita wakanitazama wakaendelea. Nilikuwa nimefumba macho nashindana na hewa, na si kufa nilikokuwa nawaza, nilikuwa nawaza nani amesema. Nikawapitia wasichana wote wa fleti mmoja mmoja, nikamshuku yule na yule. Grace sikumfikia. Nilimruka.

Akaja daktari mzee, Msudani, Dokta Hashim. Akauliza huyu anafanya nini hapa bila gesi. Wakamweleza kwa Kiarabu wakidhani sisikii, na mimi nilikaa na Bi Mkubwa, nasikia mpaka matusi. Akawauliza mna chumba cha kuwekea vyuma vya dripu? Wakasema kipo. Akasema vitoeni, mwingizeni humo, andikeni ni mgonjwa wangu. Yalla, upesi. Hivyo ndivyo nilivyopata chumba changu mwenyewe Dubai, miaka tisa sijawahi kulala peke yangu.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaniuliza, jina lako ulipendalo? Nikasema Asha. Vidonge gani unatumia? Nikamtajia. Kisha akafungua faili la Grace, akasimama.

"Asha, wewe penisilini inakudhuru?"

Nikamwambia hainidhuru kabisa, nimechomwa tangu utotoni. Akafunga faili, akajishika paji la uso. Faili la Grace lilisema Grace akichomwa hiyo anavimba koo, basi walikuwa wananinyima dawa niliyoihitaji, wananipa nyingine isiyo na nguvu kwa ugonjwa wangu. Akabadilisha sindano saa hiyohiyo. Siku ya pili homa ikashuka. Ya nne nikaomba wali. Sista Lina akaniletea, na chini ya sahani akaweka wembe mpya wa kunyolea. Nami nikanyoa nikilia na wali unapoa.

Kwa hiyo ukweli usemwe, maana nimesema nitasema yote. Kama Grace asingenitaja, ningekufa na jina lake. Hilo nalijua. Lakini wakati ule sikujua bado kuwa ni yeye.

Polisi alikuja, kijana na maski mbili, akasimama mlangoni hakuingia, anaogopa mafua. Akaandika kutokea mbali. Kafili akaitwa. Alikubali kufuta viza yangu nirudishwe kwetu, ili pasiwe na kesi, na hiyo ni fadhila, wangapi hawakuipata. Lakini mtu yule alikuwa ananiita Bi Asha mbele ya mamake miaka mingi. Siku hiyo akaniambia kutoka mlangoni, "Khalas, Athumani. Mama amekufa, na mimi nimemaliza." Akaondoka. Nikamwombea marehemu, yeye nikamwacha.

Siku kumi za sindano zilipokwisha, joto lilikuwa limeanza kurudi nje, dirisha lina vumbi. Grace akaja na mfuko. Nikafurahi jamani. Nikamwita, njoo Grace wangu, nikaanza kumweleza habari za chumba changu, za dokta, za mwanamume mmoja wa korido aliyekuwa anaimba. Yeye hakai. Akautua mfuko. Ndani mna suruali, shati, na kofia. Buibui hakuna.

"Za kuvaa kwenye ndege," akasema. "Ndio wasikusumbue uwanjani."

Nikamuuliza, buibui langu? Akasema madam wa hoteli alituma watu wakaangalie fleti, wasichana wakaogopa, wakachoma vitu vyako. Nikauliza madam anaingiaje hapo. Hapo ndipo akaanza kulia, nami nikajua kabla hajamaliza.

"Shosho, ningefanya nini? Niko na watoto watatu wanasoma."

"Ungesema uliniazima."

"Wangenifuta kazi."

"Basi ungesema nimekuibia. Hiyo nisingekulaumu, ningesema ndiyo, mwizi ni mimi. Lile lingine uliliongeza kwa nini?"

Akajifuta machozi kwa mkono wa shati lile.

"Wizi tu wangeuliza maswali," akasema. "Hilo lingine wangeamini mara moja."

Sikumtukana. Nilivaa suruali mbele yake, nikamwambia anifunge vifungo vya shati maana vidole vyangu havijapata nguvu bado, na alivifunga vyote mpaka cha shingoni.

Uwanja wa ndege Dar nilifika nimekonda, shati linapepea. Mwanaidi alikuwa anangoja na kanga mkononi. Hakuniuliza kitu. Akasema, Baba jifunge, upepo, akanifunga mwenyewe pale hadharani. Mumewe ilimchukua masika mawili kuniita mezani, na siku hizi ndiye anayenikata kucha.

Sasa mnaouliza nilitibiwaje. Kadi ya mtu msiazime, na hili nasema mimi niliyeazima. Mwili wako hauko kwenye faili la mwenzako. Mkiweza tafuteni daktari mmoja, mkae naye peke yenu, mumwambie hata dawa mnazonunua wenyewe. Mkimpata mbaya, pole. Mimi sina njia nyingine ya kuwapa, na ningekuwa nayo ningeisema bure. Na kama mnaugua sasa, jueni pumzi inarudi. Yangu ilichukua mpaka mvua za vuli ndiyo nikapanda ngazi bila kushika ukuta.

Grace bado yuko Dubai. Amekuwa msimamizi wa vyumba, wasichana wako chini yake. Alikuwa ananipigia kila Krismasi na kila Idi, tunazungumza, tunacheka sana, maana yule mtu anachekesha, siwezi kumnyima. Watoto wake wawili wamemaliza shule, nafurahi. Mwaka jana akaniuliza, Shosho, umenisamehe? Tena si kule kukutaja ndiko kulikokuponya?

Nikamwambia, Grace, kunitaja nimekusamehe siku nyingi, na kupona nimepona. Lakini ulisema hukujua. Miaka saba ulinijua kuliko binti yangu, halafu ukamwambia madam hukunijua. Yule madam bado yupo hapo hotelini?

Akasema yupo.

Nikamwambia nenda ofisini kwake, mwambie ulikuwa unajua ni mimi, tangu wiki ya kwanza, na hukuona ubaya. Ukishasema, nipigie.

Nikasikia kiyoyozi cha kwao kinavuma. Kisha akasema zamu yake inaanza. Krismasi imepita, Idi mbili zimepita, hajapiga. Simu ikilia hata sasa naangalia kwanza kama ni namba ya kule.